Picha ya Abdiel Kwenye Geti Langu

Abdiel alinikimbia miaka tisa iliyopita, akaniachia watoto watatu na geti bovu. Mwaka wa uchaguzi akarudi akiwa karatasi: mgombea udiwani, amebandikwa kwenye geti hilohilo, anacheka. Kusoma sijui, lakini sura ile naijua.

Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa, hapa Elerai.

“Hajaniomba ruhusa.”

“Kweli, Mama Sia, alipaswa kuomba. Tutamwambia aiondoe. Ila wewe usiichane, ni kosa.”

“Kwa hiyo nimwangalie kila asubuhi?”

“Vumilia kidogo, mama.”

Nimevumilia miaka tisa. Nilipofika nyumbani niliona kuwa vijana wa Abdiel walikuwa wameibandika kwa uji wa unga wa ngano, hatua mbili tu kutoka kwenye zizi langu la mbuzi. Nikafungulia mbuzi, nikakaa kunywa chai.

Jioni Abdiel alipita na wapambe wake. Getini lilikuwa limebaki sikio moja.

“Mama Sia, nani amenichana?”

“Mimi sijakugusa. Waulize hao.”

Beberu alimtazama huku akitafuna.

“Halafu, Baba Sia, ulipoondoka hukuaga. Ukitaka kurudi kwenye geti langu, piga hodi.”