Shina la Edvina

Mkutano wa kijiji, jirani na Kamachumu, ulipopitisha sheria ya mnyauko wa migomba, Rwekaza alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuinua mkono. Ugonjwa ulikuwa umeingia katika vibanja, mashamba ya migomba, vya bondeni. Majani yalinyauka yakawa ya njano, ndizi ziliiva kabla hazijakomaa, na mgomba ukikatwa ulitoa usaha. Ikakubaliwa kwamba shina lenye dalili ling'olewe lote, pamoja na machipukizi yake, tena ling'olewe na kikundi, kwa sababu mwenye kibanja huuonea huruma mgomba wake. Walianza kwa Kahigi, jirani yake Rwekaza. Rwekaza mwenyewe alikwenda na jembe, akachimba kwa bidii.

Baada ya masika, majani ya njano yakaonekana kwenye shina lililokuwa mbele ya mlango wake.

Shina hilo lilipandwa na mkewe, Edvina, mwaka walipooana. Alikuja na chipukizi kutoka kwao Buhembe, amelipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Tangu Edvina afariki, Rwekaza alikaa mlangoni kila asubuhi akilisimulia shina hilo habari za nyumbani: mbuzi amezaa, binti yao amepiga simu, kahawa imeanza kuwa nyekundu. Majirani walimsikia, wakapita kimya.

Kikundi kilifika kikiongozwa na Agnetha, mjane mwenye sauti ya upole.

"Ta Rwekaza, tumekuja."

"Karibuni kahawa."

"Hatukufuata kahawa, waitu, ndugu yetu."

"Anayefika kwangu anakunywa kahawa. Hilo halikupigiwa kura."

Wakaketi, wakanywa. Kisha Rwekaza akasema, "Kibanja hiki baba aliniachia mimi. Hakuuachia mkutano."

"Na ugonjwa je, ni wako peke yako?" Agnetha aliuliza. "Nyuki wakitoka kwenye ua la mgomba huu wanauleta kwangu."

Kahigi alicheka. "Siku ya kung'oa migomba yangu uliinua mkono mpaka shati likachomoka. Nikadhani unagombea udiwani."

Watu wakacheka. Rwekaza alisubiri wamalize.

"Siku ile nilichagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha," alisema. "Leo mnaniambia bado nataka nilichokitaka siku ile. Sikitaki."

"Lakini kura ile ilikuwa yako pia," Agnetha alisema.

"Ilikuwa yangu. Ndiyo maana inaniuma."

Rwekaza akaweka kikombe chini. "Basi mniache niling'oe mwenyewe. Asiliguse mtu mwingine."

Agnetha hakutaka kuamua peke yake. Aliwauliza pale pale, na mikono ikainuka mmoja mmoja kukubali. Wa Kahigi haukuinuka.

"Mimi hukuniachia ning'oe mwenyewe," alisema.

"Kweli, sikukuachia," Rwekaza alijibu, akaingia ndani kuchukua jembe.

Alichimba wao wakitazama. Alikata migomba, akaufuata mzizi mmoja baada ya mwingine, lakini tunguu la chini lilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. Kila alipolisukuma lilitikisika kidogo, kisha likarudi mahali pake. Hatimaye akapiga magoti shimoni, akaliwekea viganja vyote viwili, akabaki hivyo muda mrefu. Agnetha akageuza uso upande wa barabara.

"Kahigi," Rwekaza aliita.

"Nakusikia."

"Njoo ushike upande wa pili."

Kahigi akakunja suruali, akashuka shimoni. Walisukuma pamoja mpaka likang'oka. Wakalikatakata na kulifukia, kisha wakapitisha mapanga kwenye moto, kama sheria ilivyotaka.

Siku hizi Rwekaza hakosi mkutano. Anakaa mbele, na mikono inapokaribia kuinuliwa, yeye huuliza kwanza: hiki ni kibanja cha nani, na alipanda nani? Wapo wanaonung'unika kwamba anawachelewesha. Hata hivyo wanamjibu, na majina yanatajwa, ya walio hai na ya marehemu. Baada ya hapo naye huinua mkono pamoja nao, ingawa si kila mara.

Mbele ya mlango amepanda maharage mpaka udongo upone. Yamestawi, na wapita njia humsifia. Huwashukuru. Kisha wakiondoka hukaa akiyatazama, na bado hajapata la kuyaambia.