Daftari Langu Lilikuwa Simu ya Pindo

Mimi ni fundi viatu. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa baraza moja na fundi cherehani tunayemwita Pindo, kwa kuwa hakuna suruali iliyomshinda kupinda. Mimi wananiita Gundi. Cherehani yake kushoto, bakuli langu la misumari kulia, na katikati bilauri moja ya maji tuliyokunywa sote.

Mke wangu alifariki mwaka juzi, saa tisa mchana, wodini. Binti yetu alikuwa safarini. Alipofika aliniuliza, "Baba, ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Nikaongeza kwamba mama yake alikwenda ameshika mkono wangu. Binti akatulia. Maneno yale hayakuwa ya kweli.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kutosema. Binti ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo ya utulivu, katika ukumbi wa zahanati, wiki nane. Mwalimu ni nesi mstaafu, sauti ndogo lakini inafika mpaka nyuma. Unakaa kitini, miguu chini, unaifuata pumzi ikiingia na ikitoka. Wazo likitoroka, unalirudisha bila kuligombeza. Pindo alikuja nami. "Nakusindikiza tu," alisema, "wasije wakakufundisha kulala umekaa." Akayapenda kuliko mimi.

Mimi nilidanganya. Kila nikiifuata pumzi yangu nilisikia ya mke wangu, ile ya siku ya mwisho: inakwaruza, inasimama, inarudi. Kwa hiyo nikawa nafuata sindano. Macho nimefumba, moyoni nashona kiatu: toboa, pitisha, vuta. Wiki nane zikaisha nimeshona jozi kadhaa ambazo hakuna atakayezivaa. Mwalimu akanisifu kwa utulivu.

"Hizi wiki nane zilikuwa za kufungua mlango," alisema siku ya mwisho. "Anayetaka kuingia ndani, aje Jumatano." Tukabaki saba. Huko ndani kulikuwa na kazi ya nyumbani. Kila siku umtakie heri mtu: kwanza wewe mwenyewe, kisha unayempenda, kisha usiyemjua, mwisho yule aliyekuumiza. Na yale yaliyokujia ulipokaa, uyaandike kwenye daftari lako na ulifunge. Daftari la mwenzako halisomwi. Hiyo ndiyo sheria.

Mimi sikusoma. Nikainua mkono, nikasema hivyo. Simu yangu nayo ni ya vibonyezo, inajua kupiga na kupigiwa tu. Kabla mwalimu hajajibu, Pindo akadakia.

"Simu yangu itakuwa daftari lake. Yeye ataongea, itarekodi. Mimi nitaziba masikio."

Wote wakacheka. Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka.

Ikawa kila jioni kabla ya kufunga, Pindo ananipa simu, naye anakwenda kusimama bombani mpaka nimalize. Wiki mbili nilisema ya hovyo: mgongo, mvua, mteja asiyefuata kiatu chake. Wiki ya tatu nikasema haya:

"Sikumshika mkono. Ile pumzi ilinishinda. Nilitoka nje, nikasimama getini, nikamtazama mtu anaosha gari la buluu. Akaosha gurudumu la kwanza mpaka la nne, nimesimama tu. Niliporudi, shuka lilikuwa limeshafunika uso. Binti yangu hajui. Nitamwambia mwenyewe."

Nikamrudishia simu. Kesho yake nilikaa na pumzi ya mke wangu mpaka mwisho wake. Sikushona. Iliuma, lakini sikutoka. Jumatano nikamwambia mwalimu, "Nimeacha kushona." Nilipomweleza, akanishika bega. Nikaweka nia: Jumamosi binti akija, nitasema.

Binti huja kila Jumamosi. Hupiga hodi ameshaingia. Jumamosi ile hakuja. Iliyofuata hakuja. Simu yangu hakupokea. Nikamwomba Pindo ampigie kwa yake, maana binti alimwachia namba kwa ajili ya dharura.

Pindo hakuinua uso. "Mwache, Gundi. Atakuja. Linamwingia polepole."

"Nini kinamwingia?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwalimu si alisema kila mtu afanye tendo moja la huruma, bila kumwambia anayetendewa? Mimi nilikuchagua wewe."

"Ukafanya nini?"

"Nilimtumia ile sauti. Ya gari la buluu."

"Uliisikiliza?"

"Nilikuona umelia, mwenzangu. Nikasema ngoja nijue ana nini. Mzigo ule ulikuwa unakumaliza, na wewe nakujua, kupata neno kwako ni kung'oa msumari kwa kidole. Nimekusaidia kung'oa."

"Nilikuomba?"

"Huruma inasubiri kuombwa? Ndivyo tulivyofundishwa?"

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayengoja shukrani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu ndiye anayezishona.

Sikumgusa. Nilichukua kigoda changu na bakuli la misumari, nikahamia mwisho wa baraza, karibu na mtaro. Bilauri nilimwachia.

"Ndiyo unahama nchi, Gundi?" akaniita. "Pasipoti unayo?"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano nilikwenda darasani. Na yeye alikuja. Mwalimu akatuambia tumlete moyoni aliyetuumiza. Wangu alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu, pua inapiga filimbi. Nikafumbua macho, nikasimama, nikasema mbele ya wote alichofanya. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile mbele za watu.

Mwalimu akamgeukia. Pindo akasema, "Lilikuwa tendo langu la wiki."

"Nilisema tendo lako," mwalimu akajibu. "Lile lilikuwa neno lake." Kisha akanitazama mimi. "Na mimi nina kosa, baba. Ile siku ya simu nilicheka nanyi."

Pindo akatazama magoti yake. Radhi hakuomba. Mpaka leo anasema alinisaidia.

Jumamosi ya tatu binti alikuja. Alipiga hodi akangoja nje mpaka nikafungua. Ile hodi iliniuma kuliko maneno.

Akakaa. "Baba, mama alikuwa anakuita?"

"Hapana. Alikuwa anapumua tu."

"Sikulaumu kwa kutoka. Mimi sikuwepo kabisa, nitakulaumu kwa lipi? Ila nimeyajua nikiwa kwenye foleni ya benki, Baba. Kwa simu ya mshona suruali."

"Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Jumamosi ile."

Akanitazama. Nilijua anachowaza. Mtu aliyekwisha kudanganya mara moja, akisema alikuwa karibu kusema kweli, nani atamsadiki? Ushahidi wangu ulikuwa mdomo wangu, na Pindo alishautangulia. Jumamosi ile aliiiba. Nimeshona vitu vingi vilivyochanika, hicho hakishoneki.

Binti akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu.

"Basi anza mwanzo," alisema. "Kama sijasikia."

Ndiyo haya. Mimi nasema, yeye anaandika. Tulipofika kwenye shuka aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akarudi. Nilingoja. Sikutoka.

Bado nakaa kila asubuhi. Najitakia heri mimi, namtakia mke wangu. Kwa nisiyemjua namtumia yule mwosha gari, sikumwona uso vizuri. Nikifika kwa Pindo heri haitoki. Mwalimu anasema nianzie ninapoweza. Nimeanzia kwenye cherehani yake: mkanda usikatike, sindano isivunjike. Juzi nikafika kwenye mguu unaoikanyaga. Zaidi ya goti sijapanda.

Binti anauliza kama hilo la goti aliandike.

Andika.