Mkojo wa Mwenyekiti

Babu yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kwedizinga, na cheo hicho kilimharibu kabisa. Ekari tatu za mihogo zikiingia kwenye taarifa yake zinatoka kumi. Mwandishi wake nilikuwa mimi, mjukuu wa kike wa darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri na aibu kidogo.

Basi akaharisha na kutapika siku tatu mpaka macho yakaingia ndani. Tukampeleka hospitali Handeni kwa trekta la kijiji. Akatundikiwa dripu, na sista wa wodi, mama mnene asiyependa mchezo, akanikabidhi chupa yenye mistari.

"Mwili wa babu yako umekauka. Figo zikikosa maji zinakufa, na yeye anazifuata. Kila akikojoa, niletee nipime. Mkojo ukiwa kidogo, naongeza dripu."

"Na ukiwa mwingi?" babu akadakia, hoi vile vile.

"Ukiwa mwingi utapona, mzee, uende kwako."

Hapo sista alikosea. Keshokutwa wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kukagua shamba letu, na babu aliapa hatawapokea akiwa kitandani.

Asubuhi alitoa matone meusi kama kahawa. Mchana, chupa tele! Sista akafurahi, akashika mpira wa dripu apunguze. Mimi nikaona majani ya chai yanaelea mle ndani.

Babu akanikonyeza. "Mke wangu, nyamaza."

Kwa kawaida ningenyamaza, tena ningemwongezea sukari. Lakini midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Sista, acha! Huyu mume wangu anakojoa chai."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Sista hakucheka.

"Mzee, umeongeza?"

"Kidogo tu, mwanangu. Taarifa zote huongezwa."

"Kamdanganye mkuu wa mkoa, siyo figo!" Akaifungulia dripu ikaenda mbio.

"Nakupa talaka," babu akaniambia.

"Toa. Ila kojoa kwanza."

Wageni walipokelewa na makamu wake, mtu asiyejua kuongeza hata chumvi. Siku hiyo hiyo, jua la utosi, babu akanipa chupa imefika mstari wa juu, bado ya moto. Sista akaniamuru niinuse mbele ya wagonjwa wote.

"Ni wenyewe!" nikatangaza, nimeziba pua.

Wazee wakapiga makofi. Babu akawapungia mkono wenye sindano, kama yuko jukwaani.