Gari Lililovaa Kengele

Juzi pale Area D nimeona gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, moyo ukaniruka. La kwanza nililiona utotoni Chamwino, kwenye gereji ya Fundi Saidi Mrisho. Mzungu na mkewe walikuwa wanaelekea Kondoa. Gari lilinuka vumbi na breki zilizoungua, na gurudumu moja lililia ta, ta, ta.

Fundi aliliendesha mara tatu asijue ni lipi. Nikakimbia pembeni nikisikiliza, kama nilivyotambua ng'ombe wetu vichakani kwa kengele zao.

"Shikamoo babu. Ni mguu wa nyuma, wa kushoto!"

"Marahaba. Gari lina miguu, we Mgogo?"

Watu wakacheka. Akatoa kifuniko cha gurudumu: nati zote zimelegea, moja imeshadondoka, ndiyo iliyokuwa ikigongagonga humo ndani!

"Hili tairi lingechomoka njiani, likawaua," akasema, akizikaza.

Gari likaondoka kimya. Nikalia, "Umewatolea kengele! Likipotea porini watalisikiaje?"

Nilidhani wameifunga makusudi, kama sisi tunavyowafunga ng'ombe. Fundi Saidi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniita kwa jina mbele ya wote, "Mbeleje, likija jingine linalolia, nitakufuata hukohuko malishoni."