Baiskeli ya Kuteremkia Mlima

Mdogo wangu aliitaka ile ya gia. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari zake huanzia mbali, kwenye pamba iliyokauka na vijana kukimbilia dhahabu, utadhani aliuawa na ukame. Aliuawa na baiskeli, na baiskeli hiyo niliichagua mimi.

Kwetu Didia mimi ndiye fundi. Nimeziba pancha na kunyoosha ringi tangu sijaota ndevu, na ilikuwa nadra mtu kununua baiskeli bila kuniita nikaikague. Nilipenda kuitwa, nisiseme uongo. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata kazi huko Geita, ya kushusha viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mlimani hadi kwenye karasha, ile mashine inayoyasaga, alikuja kwangu kwanza.

"Shikamoo kaka. Twende Kahama ukanichagulie baiskeli ya kuteremkia mlima."

"Marahaba," nikaitikia, nikavaa shati la kutokea.

Pale Nyasubi, hapo hapo Kahama, muuzaji alikuwa amezipanga za mtumba ukutani. Mdogo wangu akaenda moja kwa moja kwenye moja nyekundu: gia, matairi manene yenye meno, shokapu mbele, breki za diski mbele na nyuma. Akaisukuma kidogo, akabana breki, ikasimama papo hapo. Akacheka peke yake. "Kaka, ona inavyokamata!"

"Hiyo ya kuchezea watoto wa mjini," nikasema. "Keria iko wapi? Viroba utabeba kichwani?"

Muuzaji akajaribu kueleza kwamba keria inafungwa tu, tena kwa milima ndiyo yenyewe hiyo. Nikamkata kauli. "Mzee, usinifundishe. Mimi nimezaliwa juu ya baiskeli." Watu wakaangua kicheko, nami kichwa kikavimba. Nikamchagulia ile nyeusi, chuma kizito, keria ya nondo. Niliikagua kama tunavyokagua kwetu: nikawapandisha watu wawili kwenye keria, nikazungusha magurudumu nikitega sikio, nikagonga fremu kwa spana. Haikuyumba. Mdogo wangu aliigeukia ile nyekundu mara moja, kisha akasema, "Sawa kaka." Hakununa hata kidogo. Angenuna siku ile, leo ningepumua.

Lakini kosa kubwa nililifanya nyumbani. Kwetu ni mbuga tupu, udongo mweusi. Mvua ikinyesha, tope linajaa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu linagoma, na mwenye baiskeli anaishia kuibeba begani. Ndiyo maana Didia baiskeli mpya haimalizi siku ya kwanza ikiwa na madigadi wala breki ya mbele. Tunaving'oa. Ya nyuma tunaibakiza, na hiyo nayo kwa heshima tu, maana ukitaka kusimama unakandamiza tairi kwa kandambili. Uhangaike na breki za nini? Kwetu ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama yenyewe. Basi nikashika spana, nikang'oa breki ya mbele, mama akipepeta mahindi pembeni na kunisifu: "Wabeja, mwanangu. Asante, umemtendea wema mdogo wako." Haki ya Mungu, sikuuwaza mlima. Nilikuwa sijawahi kuteremka mlima maishani mwangu.

Alifanya kazi miezi minne. Kila akipiga simu alisema yu mzima, na baiskeli inavumilia. Siku moja asubuhi nilikuwa nimezamisha mpira wa tairi kwenye beseni, natafuta pancha, baba mdogo akaja mbio bila viatu. Huko Geita walikuwa wamempigia yeye. Akaniambia nikae chini. Sikukaa. Akaniambia hivyo hivyo nimeinama, nami nikaendelea kuuminya ule mpira ndani ya maji kwa muda, sijui kwa nini.

Kesho yake tukakodi gari, mimi na yeye, kwenda kumchukua. Kabla ya kufika mochwari tulipitia kule alikokuwa akiishi, chini ya mlima. Baba mdogo akaingia chumbani kukunja nguo zake. Mimi nilishindwa kuingia. Nikabaki nje na mwanamume mmoja wa makamo, mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akishusha naye mawe. Baiskeli za wenzake zilikuwa zimeegemezwa pale, nikazikagua kwa mazoea. Kila moja ilikuwa na breki mbili. Nyingine zilikuwa na kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa nyuma kwa kamba, kiburutwe chini kupunguza mwendo.

Nikamwomba anionyeshe njia. Tukapanda mpaka juu. Jamani, ile si njia, ni paa la nyumba. Nilishuka hatua kumi tu, mikono mitupu, nikashika majani nisiporomoke. Yule bwana akanieleza kwamba chuma cha breki ya nyuma kilikatika pale juu, na viroba viwili vilikuwa kwenye keria. Mdogo wangu akaweka mguu kwenye tairi. "Kandambili tuliiokota hapa," akasema, "yeye tukamkuta kule chini."

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alisikia. Alisikia kila neno nililomwambia, na sasa natamani angekuwa mkaidi.

"Tulimwambia tangu wiki ya kwanza," yule bwana akaendelea. "Mimi mwenyewe nilimletea breki ya mbele, nimeitoa kwenye baiskeli yangu ya zamani. Nikamwambia chukua bure, nakufungia sasa hivi. Akakataa. Alisema kaka yake ndiye aliyeing'oa, na siku akirudi nyumbani kaka akaikuta imefungwa, ataona amedharauliwa."

Akavua kofia, akajifuta uso.

"Huyo kaka yake amekuja? Namuulizia tangu jana. Nataka nimpe mkono wa pole."

Nikamwambia hajaja. Nikamwambia mimi ni jirani.