Jina la Kifuani

Fundi cherehani wa langoni mwa kambi ya jeshi bado hulowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuutunga, ingawa Wamarekani wameihamishia kambi yao kusini na lango lina kufuli. Alipoanza kuwashonea majina, alikosea: kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia, basi akawa anachukua neno la kwanza la kila askari na kulishona kifuani, panapokaa jina la ukoo. Askari walicheka, wakavaa hivyo hivyo, na wao wakamwita kwa jina lake la kuzaliwa. Hapa humwita hivyo wazazi na rafiki wa utotoni tu, na hao ameshawazika wote.

Leo mchana Mama Duri, jirani muuza tambi, alimletea bakuli.

"Kaka, pale kwangu wateja wanagombana. Eti wageni wakiondoka kabisa, tutengeneze bomu letu wenyewe la nyuklia. Unasemaje?"

"Hilo bomu litaleta nguo za kushona?"

Mama Duri alicheka mpaka alipoona kifua cha fundi. Alikuwa amejishonea jina lake la kuzaliwa. Fundi akalinyoosha koti ili lisomeke vizuri, akangoja.

Mama Duri, mdogo wake kwa umri, alifungua kinywa, ulimi ukalikataa jina lile.

"Kaka," alisema, "kula, tambi zinavimba."