Surua na Chembe Zenye Kukumbuka

Nafundisha biolojia hapa Bunia, na kila mwaka nachora ubaoni chembe nyeupe za damu ziitwazo T. Virusi vikiingia mara ya kwanza, chembe hizo zinachelewa. Zinatafuta ni nani huyu, zinaongezeka, na weye uko kitandani unachemka. Ugonjwa ukiisha, chache zinabaki na zinakumbuka. Virusi vilevile vikirudi, zinavimaliza mbio. Siku moja niliyaeleza haya tukiwa mezani. Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, aliyekimbia vita Kpandroma akaja na mtoto wake kukaa kwangu mtaa wa Bigo, alisikiliza mpaka bugali ukapoa.

Mtoto wake aliposhikwa na surua, nikamwambia amtenge. Mtoto wangu alikuwa hajachanjwa. Kila nikienda kituo cha afya, chanjo imeisha, rudi wiki ijayo! Natoka shule, nakuta watoto wote wawili chini ya kitenge kimoja, wanakunywa uji kwa kikombe kimoja.

“Yaya, umefanya nini?”

“Wapate pamoja, siye tumalize. Kwetu tulifanyaka vile. Na si weye ulisema mwili inakumbuka?”

Mungu wangu! Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. Ndiyo, aliyepona surua haipati tena. Lakini surua inaingia ndani ya chembe zilezile zenye kukumbuka magonjwa mengine, inaziua. Nilimweleza hivyo, akacheka.

“Mambo ya vitabu hayo.”

Wangu akatoka vipele, homa ikamchoma, akapona. Dada akatamba mtaa mzima kwamba si mnaona.

Wiki chache baadaye kikaja kikohozi kama cha mwaka jana, ambacho hakikumlaza hata siku moja. Safari hii mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, wakamwekea oksijeni.

“Lakini hii alishaiugua,” dada alisema, akimshika mguu. “Mwili yake haikumbuke?”

“Surua imekula zenye kukumbuka! Si nilikuambia, yaya? Sasa mutoto anaanza upya!”

Dada aliuachia ule mguu.

“Basi na wangu?”

Sikuwa nimefikiria. Wake tulimwacha kwa jirani, anakohoa tangu asubuhi. Dada alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga kitenge huku akielekea mlangoni.